Hayatoki

Diwali, saa kumi alfajiri, Karaikudi.
Majirani wameshaanza kulipua fataki,
mbwa wao kajificha chini ya tangi,
nami nimekaa kigodani, nimempa mgongo
dada ambaye miaka mitatu hatujasemezana
ila kwa vinywa vya mawakili.

Kazi hii ilikuwa ya mama. Mama hayupo,
na desturi haiulizi nani kamshtaki nani:
mkubwa humpaka mdogo, basi.
Vijiko viwili vya ufuta uliochemshwa na pilipili manga
vyatosha kichwa kizima.
Thenmozhi akamimina kikombe.
Akatulia. Akamimina kingine.
Yakanishuka masikioni, shingoni, uti wa mgongo,
vidole vyake vikipapasa utosini mwangu
kama mtu aliyeangusha pini gizani.
Sikuuliza. Hakusema.

Bafuni nikajimwagia kopo la kwanza.
Maji yakagonga kichwa, yakateleza, yakaenda zake
kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa.
La pili. La tano.
Nywele zimekuwa kamba moja nzito,
mkia wa ng'ombe mvuani.
Nikamimina shampuu niliyokuja nayo kutoka Chennai, ile ya bei,
chupa yenye picha ya mwanamke anayecheka.
Povu likakataa kuzaliwa.
Yeye akaendelea kucheka.

Basi langu ni la saa mbili.
Nilikata tiketi hiyo makusudi,
nisije nikakutwa na chakula cha mchana.

Nikasugua hadi kucha zikauma,
kisha nikafungua mlango, upana wa jicho moja.
"Akka," nikasema. "Hayatoki."

Neno langu la kwanza kwake
tangu ile siku kwenye ngazi za mahakama.
Naye alikuwa palepale nje, ameketi kizingitini,
bakuli la unga wa dengu mapajani,
kana kwamba alijua.
Labda alijua tangu kikombe cha pili.

"Umetanguliza maji," akasema.
"Siku zote wewe hutanguliza maji.
Mafuta yanayaogopea nini maji? Njoo hapa."

Akanikausha kwa kipande cha sari kuukuu ya mama,
ya kijani, ile iliyoungua pindoni.
Akanyunyiza unga mkavu, akaukanda kichwani
bila haraka, kama ana wageni wa chapati.
Unga ukanywa, ukanywa, ukashiba,
ukaanguka sakafuni madonge ya manjano,
pwata, pwata,
na kila donge lilikuwa na uzito wake.
Ndipo ikaja shikakai. Ndipo yakaja maji,
ya moto, kidogo kidogo, kutoka sufuria la shaba.

"Fumba macho."
Nilichelewa. Iliniwasha,
nikapata machozi yenye sababu halali.
Nyuma yangu nikamsikia akipenga kamasi,
yeye ambaye shikakai haikumgusa.

"Ule upande wa kisima..." akaanza.
"Maji yananiingia sikioni."
"Basi baadaye."
"Baadaye."

Povu lilikuja dogo, la kijivu, halina mbwembwe.
Nywele zikaachana moja moja
na kichwa kikawa chepesi hata nikashika ukuta.
Nyuma ya sikio la kushoto palibaki utelezi.
Akapagusa kwa kidole gumba, akapaacha.
"Hapo patajitakasa penyewe. Kesho, keshokutwa.
Ukipalazimisha utajichubua."

Honi ya basi niliisikia vizuri tu,
nikiwa uani, nimeinamisha kichwa juani,
watoto wa jirani wakiokota karatasi za fataki.
Thenmozhi aliisikia pia. Akaongeza kuni.

Mchana nikala kwake.
Sambari ilizidi chumvi.
Nikaongeza wali.