Mita Moja

Walipofunga ukumbi wa ushirika wa kahawa,
kufuli jipya, mlango ule ule mbovu,
mwalimu Ambakisye alitutazama wote tisa
akasema: nendeni, mkanda haufungwi na ukumbi.
Maneno mazuri. Ila mimi kwangu Isanga
nina chumba na nusu, na hiyo nusu ni ya kuku.

Nikajaza pumba kwenye kiroba,
nikakining'iniza kwenye mparachichi wa Mama Subilaga.
Alfajiri, ukungu umekaa begani mwa Loleza,
mimi na kiroba, ngumi mia, viwiko hamsini,
hadi mwenye nyumba akauliza dirishani:
"Huyo marehemu alikukosea nini?"

Masomo yalikuja kwa sauti, kwenye simu,
maana picha zinakula bando.
Dakika mbili mbili. Nyuma yake mbuzi, au mvua juu ya bati.
Wiki ya kwanza alihesabu kata kama kawaida.
Wiki ya pili alikaa kimya kidogo, kisha:

"Bupe, hilo teke lako la kichwani liache.
Ni zuri. Lilinipendeza kwenye mashindano Iringa.
Lakini njia ya Isanga ina tope, wewe unavaa kitenge,
na mwizi hana mwamuzi wa kumwambia subiri.
Miaka sita nimewaimbia: umbali, umbali,
mkaniona mzee mwoga.
Sasa mnaambiwa na redio: mita moja.
Haya. Somo langu limesomwa taifa zima.

"Barakoa imefunika mdomo? Soma mabega.
Bega halijajifunza kudanganya.
Mikono juu, viganja wazi, kama unayekataa chai ya tatu.
Sauti kabla ya ngumi. Ngumi ni deni,
usikope kama huna cha kulipia.
Na miguu uliyonayo, ipe kazi yake ya asili."

Kazi ya asili ya miguu!
Nilicheka, nikarudi kwenye kiroba.

Mei. Baridi imeanza kung'ata masikio.
Natoka Mwanjelwa, maharage yamebaki nusu debe,
saa moja na ushee, njia ya chini, daraja la magogo.
Kofia ya sufu, koti refu, hatua nyuma yangu.
Nikahamia kushoto. Naye kushoto.
Nikageuka, viganja wazi, nikataka kusema "Simama hapo!"
kama tulivyofundishwa, kutoka tumboni.
Koo likakauka. Kilichotoka ni kikohozi.
Kikohozi kikubwa, cha moshi wa kuni, cha miaka yote,
na yule mtu akaruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto.
Mita moja? Tatu. Nne.

Sikukaa kuzihesabu. Nilikimbia
maharage yakimwagika,
kiatu cha kushoto kikamezwa na tope.
Nyumbani nikashusha komeo, nikakaa chini,
magoti yakicheza ngoma ambayo sikuipiga.
Miaka sita. Mkanda wa kahawia.
Hata ngumi moja sikurusha.

Nikamtumia mwalimu sauti, nikilia kidogo.
Akajibu: "Kiatu ni elfu tano pale Sido. Umefaulu."
Kisha kimya, mbuzi, kisha:
"Hicho kikohozi ulikitoa wapi? Nifundishe."

Asubuhi nilirudi kule, jiwe mfukoni.
Maharage yalishaliwa na njiwa. Kwenye tope hakuna kiatu.
Kilikuwa juu ya nguzo ya uzio wa Mwashambwa,
kimefutwa, kisigino kikitazama mlima.

Labda ni mtoto wa jirani. Labda ni yeye,
labda alikuwa na haraka zake tu, ana mgonjwa,
mtu wa koti ambaye usiku ule alimwambia mkewe:
kuna mwanamke anakohoa, njia ile msipite.
Sijui. Nilikivaa. Ndani mlikuwa na umande.
Nikaenda kwenye kiroba. Viwiko hamsini.
Halafu, nikiangalia kama Mama Subilaga amelala,
mazoezi ya kukohoa.