Sitini

Miaka thelathini na moja nimekausha hewa za watu:
benki za Ruwi, kliniki ya meno, majumba ya Mabela
yasiyokwisha kujengwa.
Nikizibua bomba la kiyoyozi, maji yakitoka ndoo nzima,
humwambia mwenye nyumba: “Umeona?
Yote haya yalikuwa yamekulalia kifuani.”
Wakilipa. Wakilala.

Sasa nimestaafu, na kazi niliyopewa
ni kuirudisha rutuba, tone kwa tone,
ndani ya kabati la kioo la mikono miwili na shubiri.
Zuweina kaenda Salala kusoma,
kaniachia chatu wake, Kashata, na karatasi:
*Hamsini na tano hadi sitini. Akianza kujivua, sabini.
Babu, usikisie.*

Mimi! Kukisia!

Asubuhi ya kwanza kipimo kilisema thelathini na mbili.
Nje, Septemba, miwani inaingia ukungu mlangoni,
shati linaganda mgongoni kabla hujaifikia gari;
ndani, kwa ustadi wangu mwenyewe, jangwa.
Akajivua vipande vipande
kama rangi iliyopakwa na fundi mwenye haraka,
na kigamba kimoja kikabaki juu ya jicho la kushoto.
Wiki nzima akinitazama nalo.

Nikaufunika nusu ya wavu wa juu kwa karatasi ya kuokea.
Bakuli nikalisogeza upande wa joto.
Maji ya kiyoyozi sikumpa: nayajua yanakopita.
Nikaenda Al-Khudh, duka la wanyama,
nikanunua tofali kavu la kutandika, riali mbili na nusu,
nikalitia maji moto,
likavimba, likafura, harufu ikajaa chumba,

na Mahfudha, ambaye tangu nyoka aingie
hapiti hata ukumbi ule,
akaja mpaka kizingitini.
“Hayo makumbi.”
Ni makumbi. Ni usumba.
Mama yake aliufukia pwani Makunduchi,
akauponda, akasokota kamba,
vidole vikanuka tope mpaka siku ya Idi.
“Riali mbili na nusu,” akasema, “kwa makumbi.”
Akacheka akashika ukuta.
“Aliyeumwa na nyoka akiona kamba hushtuka.
Wewe umemtandikia nyoka kamba isiyosokotwa.
Ashtuke nani?”

Siku moja kikapanda themanini, nikafurahi kama mjinga.
Usiku kioo kikatoka jasho, pembeni kuvu nyeupe.
Nikafungua, nikapangusa, nikajilaumu:
hewa nayo ina kibaba chake,
kikizidi, ni mapovu puani.

Alhamisi macho yake yakaingia ubuluu wa maziwa.
Nikamwekea kopo lenye tundu,
ndani kitambaa chepechepe.
Nikanyunyiza baada ya alfajiri, nikanyunyiza magharibi.
Sauti kutoka kizingitini: “Ngapi?”
“Sitini na nane.”
“Ongeza.”

Jumatatu: gamba moja, zima, pua hadi mkia,
limepinduka kama soksi,
na vioo vya macho vyote viwili, safi.
Nikalinyoosha juu ya zulia.
Mahfudha akaingia. Akachuchumaa.
Akaishika ncha ya mkia kwa vidole viwili.

“Kama manda,” akasema.
Kisha, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akijua siku zote:
“Manda usipoifunika kitambaa kibichi,
hupasuka.”