Laini

Kikombo, baba alipokuwa kwenye genge la reli,
laini ilikuwa moja tu duniani:
vyuma viwili vikielekea Tabora
bila kugusana.
"Mpelekee baba yako ugali laini,"
mama alisema, nami nikaenda pekupeku
nikiruka taruma hadi taruma,
mlenda ukipoa kwenye kibakuli.

Kisha Chilewa, kaka yangu, akapata kazi ya umeme.
Kwake laini ni kitu kisichoguswa
mpaka Zuzu wapige simu waseme imekufa,
na hata hapo huigusa kwanza kwa fimbo.

Binamu Mbeleje ana laini kumi na nne za zabibu Mpunguzi.
Shangazi, mke wa koplo, anakaa laini,
ambako Jumamosi laini nzima hufagiwa kwa filimbi.

Bibi hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji,
lakini neno alikuwa nalo kabla yetu sote.
Aliusaga unga wa mtama, akausugua kwa vidole viwili,
akafumba macho:
"Laini."
Ndipo chungu kikabandikwa.

Jana nilimpeleka baba Majengo, kusajili laini.
Sechelela wa chini ya mwavuli akasema, weka dole gumba, mzee.
Taa nyekundu.
La kushoto. Nyekundu.
Akampaka mafuta ya mgando, akampangusa kwa pindo la khanga,
shahada, cha kati, cha pete,
vidole kumi vyote, na foleni nyuma yetu ikianza kuguna.
"Alama zimefutika, mzee. Vidole vyako laini mno."

Mikono ile!
Iliyonichuna mashavu kila iliponipangusa machozi.
Baba akaigeuza juani, akaitazama
kama mtu anayesoma barua ya mwingine.
Miaka thelathini na moja ya nyundo na kokoto.
"Basi," akasema, "laini imeninyima laini,"
akacheka peke yake.

Tukasajili kwa kidole changu.

Usiku akanipigia kutoka chumba cha pili, kujaribu tu.
"Nipo laini," akasema.
Nikataka kumjibu, lakini treni ya mizigo
ilikuwa inapita kule bondeni,
tukanyamaza wote wawili, simu sikioni,
salio likiliwa,
mpaka behewa la mwisho.