Sifuri Tatu za Mbele

Jumatatu, Tabora. Umeme umerudi saa nne na robo.
Friji limeguna kama mtu aliyeamshwa kwa ajili ya deni,
na skrini imeniuliza, kwa upole wake wa mashine:
Namba ya jaribio?

Hapo ndipo nilipokwama.

Miaka sita tuliandika tulivyojaliwa.
Kaunta buku la bluu, kaunta buku la mgongo mwekundu,
nyuma ya risiti ya duka la Ipuli.
Kalunde aliandika J1, J2, J3,
na kila mwezi ukiandama akaanza upya.
Mimi niliandika tarehe, siku kwanza;
Msabila, aliyesoma ng'ambo, mwezi kwanza,
hata tatu ya mwezi wa saba na saba ya mwezi wa tatu
wakawa ndugu wawili wa shati moja.
Na lipo faili, sitasema la nani,
liitwalo "asali mpya",
likafuatiwa na "asali mpya kabisa",
halafu "asali mpya kabisa ya kweli",
halafu "hii ndiyo".

Hii ndiyo nini?

Mwaka jana asali ya Ulyankulu,
ndoo arobaini za kikundi cha kina Nyamizi,
ilirudishwa na mnunuzi: maji yamezidi.
Nikasema hapana, tulipima, ni kumi na nane nukta mbili.
Lete ushahidi. Nikaleta J7.
J7 zilikuwa nne.
Moja ilisema kumi na nane, moja ishirini na tatu,
moja ilikuwa ya nta,
moja ilikuwa duara la kikombe cha chai, basi.
Nyamizi alizitazama zote, kisha akanitazama mimi.
Alirudisha mfuniko wa ndoo yake
akaukaza kwa ngumi, mara mbili.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Daftari tulikuwa nalo. Tulikuwa nayo kumi na moja.

Basi nimeandika kanuni, nimeibandika ukutani
kwa plasta ya kidonda, selotepu imekwisha:
mwaka, herufi tatu za mahali,
herufi moja ya kipimo, halafu tarakimu nne.
Kalunde amesoma mikono ikiwa kiunoni.
"Sifuri tatu za nini? Elfu tutaifikia lini?"
Nikamwonyesha jinsi mashine inavyopanga:
moja, kumi, kumi na moja, ndipo mbili,
maana husoma kama mtoto, herufi kwa herufi.
Sifuri ni viti, nikamwambia.
Tunavipanga mapema, wageni wako njiani.

"Na lililoharibika? Kichupa kikipasuka,
namba yake si tumpe mwingine?"
Hapana. Ikishatolewa imetolewa, hairithiwi.
Andika limeharibika, na libaki pale pale.
Alikaa kimya, akifuta kioo cha kipimio
ambacho tayari kilikuwa safi.
"Hata kwetu," akasema, "mimi huhesabiwa wa nne,
ingawa tuliokua ni wawili."
Akavuta kiti, akaanza kuchapa.

Msabila bado anabisha kuhusu mwezi.
Tumemwachia mashine iweke tarehe yenyewe.

Saa kumi alasiri Nyamizi ameingia na chupa moja,
vumbi la barabara hadi kwenye kope.
Nimemwandikia namba juu ya kizibo kwa kalamu ya wino mzito.
Ameisoma kwa sauti, kidole kikitembea:
"Sifuri, sifuri, sifuri, moja. Kumbe ni ya kwanza?"
Ya kwanza.
"Na zile arobaini?"

Zile ninazirudia usiku, umeme ukiwepo,
kila moja na mwaka wake, kila moja na kiti chake.
Hata J7 ile ya duara la chai nimeipa namba.
Mahali pa matokeo nimeandika: hatujui.
Nikabonyeza hifadhi.