Tumbo la Swichi

Wadi Kabir, saa nne asubuhi, Agosti,
lami inalainika kama halua isiyopoa.
Mkononi nina swichi iliyokufa,
nimeiviringisha kitambaa cha kufutia miwani,
naipeleka duka kwa duka
kama mtu aliyeng'oka jino
anaulizia kama lipo jingine la kipimo hicho.

Duka la kwanza: Mafi.
La pili: Mafi, hata mkono hajautoa kwenye simu.
(Neno hili, sisi tulionyonyeshwa Kiswahili,
huchelewa kulizoea. Mama, wiki yake ya kwanza Maskati,
alitoka duka la dawa amenuna:
"Namuuliza panadoli, ananitukana!")

La tatu lina swichi mia,
zimetungwa kambani kama tasbihi ya jitu,
zote za pikipiki ndogo za kusambazia vyakula.
"Yako ya mwaka gani?"
Themanini na nane.
"Mzee, mimi nilikuwa sijazaliwa."
Na mimi, mwanangu, nilikuwa si mzee.

Yenyewe iko Al Khoudh, chini ya turubali:
kioo kipana, masanduku matatu,
na kiti cha nyuma chenye egemeo
alipokuwa akisinzia Mahfudha
kutoka Adam mpaka Haima,
jangwa kulia, jangwa kushoto,
helmeti yake ikinigonga kisogoni
kila lori lilipotupita.

Tangu Mei naiwasha kwa nyaya.
Nyekundu na ya kahawia, nazigusanisha
nimeinama, nikitupa jicho huku na huku.
Juzi, kituo cha mafuta cha Fanja,
kijana wa pampu aliniangalia vidole
akarudi nyuma hatua mbili.
Mwizi wa mali yangu mwenyewe!
Nikatoa mulkia kabla hajauliza,
nikatoa na leseni.
Picha ya kwenye leseni ina nywele.

La nne, mafi.
La tano limefungwa, mwenyewe kaenda Kerala kuoza binti.
La sita ni la Biju,
upana wake kama kabati,
na Biju hasemi mafi.
Anavaa miwani. Anaigeuza. Anainusa.
Anaiweka sikioni, anazungusha ufunguo
polepole, kama anayetafuta stesheni redioni.

"Kufuli zima," anasema,
kwa Kiarabu chake cha sokoni.
"Kilichoungua ni tumbo."

Skrubu tatu. Sahani ya plastiki.
Ndani vidole vitatu vya shaba,
kimoja cheusi kama kokwa ya tende.
Kuagiza mpya, anasema, wiki sita,
riali arubaini na tano, kama bado wanatengeneza,
na itakuja na ufunguo wake.
"Na masanduku yangu?"
"Utatembea na funguo mbili."
Nikautazama huu mmoja,
meno yamelika mpaka yamekuwa ufizi,
sikujibu.

Akainama chini ya meza,
akaibuka na kopo la maziwa ya unga,
ndani swichi za marehemu kutoka Barka,
kila moja na ajali yake.
Akachagua. Akapasua. Msasa, lehemu,
moshi mdogo wenye harufu ya shule ya ufundi.
Tumbo la mwingine likaingia kwenye gamba langu
likakaa. Ila limekaa limegeuka.

"Sikiliza, babu. Ukitaka kuwasha, peleka kwenye ZIMA.
Ukitaka kuzima, peleka kwenye WASHA."
Riali sita. Akanirudishia na skrubu moja
isiyojulikana ilikotoka.

Jioni, uani, nimefunua turubali.
Mkono haukusikia maonyo:
ulizungusha ulikozoea miaka yote.
Kimya.
Nikarudisha kwenye ZIMA
na taa ya kijani ikafumbua jicho,
na injini ikakohoa, ikatema, ikasema.

Mahfudha katoka jikoni,
goti lina bendeji, helmeti kwapani.
"Wapi?"
"Fanja tu.
Kuna kijana nataka aone ufunguo."