Vitanda Vinne

Kwenye yadi ya Bugingo, Nyakato, nyuma ya wauza mbao,
matela matatu yamepangwa kama ng'ombe mnadani,
na sisi watano tunayazunguka,
tunayapiga makofi ubavuni, nusura tuyakague meno.

Hatukuanzia hapa. Tulianzia Kigongo,
usiku ule kivuko kilipogoma,
tukalala ndani ya Noa, magoti yamegusa kidevu,
Holo ana homa, Minza kaniegemea hadi mkono ukafa ganzi,
na Luhende, paji la uso juu ya usukani,
akipiga honi bila kukusudia kila usingizi ulipomzidi.
Alfajiri ziwa limetulia, kama si lenyewe.
Nikasema: safari ijayo, mgongo wangu utanyooka.

Miaka sita nimeitunza sentensi hiyo kwenye kibubu.
Zamu za usiku wodini. Chenji ya vitunguu. Nauli niliyoikwepa kwa miguu.
Daraja likajengwa. Siku hizi unavuka
kabla mtoto hajamaliza ndizi yake.
Foleni imekufa; hamu haikufa.

La kwanza ni jeupe, limeshuka melini Dar es Salaam,
lina jiko, lina sinki, lina pazia lenye mabata.
Kwenye mlango wa kabati, alama za penseli, moja juu ya nyingine:
mtoto wa watu nisiowajua alikuwa akirefuka humu.
Luhende anapiga magoti, anasoma kibati cha uzito,
anaitazama Noa yetu, anarudi kwenye kibati.
"Hili ndilo litatuvuta sisi," anasema, "tukianza kushuka mlima."
Bei, Bugingo anaitaja akiangalia pembeni.

La pili limechomelewa hapahapa, bati na chuma cha pembe,
joto lake la saa tano asubuhi lingeiva mandazi.
Tumelisalimia tu.

(Mama mkwe, jana, kwenye simu:
"Nyumba isiyo na msingi? Makubwa!"
Kimya. Kisha: "Na mimi mtanilaza upande gani?")

La tatu ni dogo, kijani kilichopauka,
lilitumiwa na wapima ardhi, na vumbi lao bado limo.
Springi nzima. Tairi mbili za kubadilisha.
Noa italivuta hadi Ukerewe, hadi Bukoba,
na bei yake haikunifanya nikae chini.
Ndani, vitanda viwili juu, viwili chini, kama bweni.

"Vinne," nasema. "Na sisi watano."

"Mimi msinihesabu," anasema Nkwabi.
"Mwezi wa sita naenda JKT. Halafu chuo."
Amesema kama mtu anayesema chumvi imetosha.
Futi ya chuma inamponyoka baba yake,
inajirudisha yenyewe kwenye kasha lake, chrrr.
Mimi namwangalia kijana huyu, kichwa kinagusa dari,
na sikumbuki ni lini niliacha kumpima mlangoni.

Kwa kuwa lazima mtu aseme kitu, nauliza:
"Linavuja?"
"Ingieni," anasema Bugingo. "Fungeni mlango."

Wasichana wanapanda juu. Mimi na Luhende chini, kila mtu na godoro lake,
viatu miguuni, kama wagonjwa wa dharura.
Nkwabi sakafuni, katikati yetu,
miguu imefika mlangoni na bado imekunjwa.
Nje, ngazi inalia. Kijana wa Bugingo anapumua na ndoo begani.

Kisha maji.
Mvua ya ndoo moja juu ya bati,
inaanzia kwa Holo, inapita juu ya Minza,
inashuka ukutani karibu na sikio langu.
Sekunde tisa labda. Mgongo wangu umenyooka.
Mkono wangu unaning'inia, umepata nywele za mtu,
na mtu huyo hajausogeza.

Hakuna tone lililoingia.
Hakuna anayenyanyuka.

"Rudia," anaita Nkwabi kutoka sakafuni,
na Bugingo huko nje, akidhani bado tuna shaka,
anaagiza ndoo ya pili.