Kengele Haimo Kwenye Mkanda

Watu kumi na wanne, Jumanne, Gyumri,
theluji imefika magotini pa sanamu ya uwanjani,
nami chumbani juu na mashine yangu inayokohoa
nikawaonyesha filamu ya mpiga kengele
aliyeamka asubuhi moja imani imemtoka
kama jino la mtoto: bila damu, bila kishindo,
ulimi tu ukipapasa pengo.

Anapanda ngazi. Anaishika kamba.
Dakika kumi na moja anaishika kamba.
Havuti.
Halafu giza, halafu majina ya waliofanya kazi.

Walipotoka walijazana kwenye meza ya tiketi,
hakuna aliyetaka kutangulia baridini.
Varazdat fundi majiko ndiye aliyeanza,
kofia ya manyoya mkononi, shingo imemvimba:
"Dram elfu moja na mia tano! Nimelipa
nimtazame mwanamume akifikiri.
Nyumbani nina shemeji anayefikiri bure."
Wakacheka. Hata Satenik akacheka,
mwalimu wa kemia, macho yangali mekundu,
kisha akasema ule mwanga wa dirishani
ulikuwa kama maziwa yaliyotiwa maji,
na kwamba hajapata kuona mtu
akimkosa Mungu kwa adabu namna ile.

"Adabu?" kijana Narek akadakia.
"Huyo ni mwoga. Asiyeamini aondoke,
ashuke mlimani, atafute kazi."
"Kazi ipi?" akauliza Varazdat. "Hapa?"
Kimya kikapita
kama mdeni apitaye mbele ya duka.

Mama Knarik alikuwa akifunga vifungo vya koti,
polepole, vidole vimekamatwa na baridi yabisi.
Akasema mwigizaji yule hakufunzwa.
Baba yake alipiga kengele kabla ya tetemeko,
kabla mnara haujalala kifudifudi barabarani:
kamba haikabwi kama koo la kuku,
hushikwa kama mkono wa mtoto
mnapovuka njia,
yeye akijua utamwachia,
nawe ukijua.
"Lakini pale mwishoni," akasema, "aliipiga vizuri."

"Hakuipiga," akasema Narek.
"Aliipiga. Gizani. Mara moja."
"Mama, hakuipiga."
"Hata mimi nimeisikia," akasema mtu nyuma,
sauti ya chini, skafu imepanda hadi puani,
na sote tukajifanya hatumjui Ter Husik
wala kanzu nyeusi iliyochungulia chini ya koti.

Ubishi ukapamba moto. Watano waliisikia.
Sita wakaapa hapana. Wawili wakasema inategemea,
inategemea nini hawakusema.
Mmoja alikuwa amelala, naye ndiye aliyepaza sauti kuliko wote.
Wakanigeukia mimi, mwenye mkanda:
"Haya, Yervand, hukumu. Inalia, hailii?"

Kengele haimo kwenye mkanda.
Nimeusikiliza mara nne, peke yangu, milango imefungwa.
Mwishoni pana upepo, pana mbao zinazolalama, basi.
Kinacholia ni bomba la joto nyuma ya pazia,
linapopoa, saa tatu kasoro,
chuma kinapojikunja na kuugonga ukuta:
pigo moja,
refu, safi.

Nilifungua kinywa. Nikamwona Knarik
ameshika ncha ya kitambaa chake cha kichwa
bila kuikaba.
"Kule juu sisikii kitu," nikasema.
"Mashine ina kelele."

Wakaondoka wawiliwawili, wakibishana hadi kona,
pumzi zao zikipanda juu ya mawe meusi ya mtaa.
Varazdat alibaki, akaegemea meza.
Fundi ni fundi, sikio lake halinunuliki.
"Lile bomba lako," akaninong'oneza, "linataka kukazwa.
Nitakuja kesho na spana. Dakika tano tu."

"Njoo Jumatatu," nikamwambia.
"Filamu inaondoka Jumapili."

Akanitazama kitambo. Akavaa kofia.
"Jumapili," akasema, "inaanza saa ngapi?"